Mmoja Tu, Mlimani Kwembuzi

Duniani kote hakuna mtu aliyemlea mkimbizi wa Bahari ya Mediterania kwa miaka kumi na tisa bila kumpoteza hata siku moja, isipokuwa mimi, Sikudhani binti Shemboza wa Kwembuzi, darasa la saba, na cheti ninacho. Nilimpoteza mara mbili tu. Mara ya kwanza mbuzi wa shemeji alimtafuna, akabaki na jani moja na nusu. Mara ya pili nilimsahau juani siku ya harusi ya mpwa wangu, kwa sababu kulikuwa na ngoma, na mimi na ngoma hatujawahi kuagana vizuri. Mara zote mbili alifufuka mwenyewe. Sifa ni zake. Mimi namshikia tu.

Mkimbizi huyu si mtu. Ni mmea, kimo chake hakifiki gotini, majani ya kijivu yenye manyoya kama masikio ya mzee, na maua ya njano kama vifungo vya shati. Ananukia udi uliochanganywa na mbwa aliyenyeshewa. Kwao ni kisiwa cha Santafira, na hata huko Santafira alikuwa akiishi kwenye jabali moja tu, upande mmoja tu wa jabali lile, kwingine kote duniani hayupo. Joto lilipozidi, jabali likawa kikaango. Ndipo serikali zikaandikiana Mkataba wa Mimea Wakimbizi: mmea usio na pengine pa kuishi upelekwe kwenye mlima wenye baridi, upewe haki kama mtu, usisumbuliwe, usihamishwe ovyo, na uwe na mlezi. Sisi huku Usambara tuligawiwa kumi na mmoja. Kwembuzi tukapata Mkimbizi Namba Mia Mbili na Sita. Alishuka kwenye ndege ndani ya sanduku la baridi, ana hati ya kusafiria yenye picha yake. Mimi picha yangu ya kitambulisho imetoka kama mwizi wa kuku. Yake imetoka vizuri. Jina lake la kitabuni ni refu, likitamkwa chai inapoa. Sisi tunamwita Mgeni.

Shingoni, kama mmea una shingo, amevikwa kola ya kioo nyembamba kama uzi wa shanga. Kola inaonja utomvu wake na kuugeuza maneno. Kwa siku inasema neno moja tu, betri isichoke, na maneno niliyofundishwa ni manne: Kiu, Joto, Maumivu, Salama. Sauti ni ya mwanamke wa redio mwenye adabu zake, hata akisema Maumivu utadhani anakukaribisha mezani.

Lakini kitu chenyewe hasa ni kivuli. Kivuli cha sheria, si cha mti. Palipo na mkimbizi, kilomita mbili kila upande hapachimbwi, hapapasuliwi, hapapitishwi barabara. Mlima wetu una udongo mwekundu ambao watu wa viwanda wanautamani kuliko asali. Mwaka ule Mgeni alipokuja, mashine zao za kuchimbia zilikuwa zimeshafika bondeni. Zikasimama palepale. Mpaka leo zipo, magugu yamepanda hadi kwenye viti vya madereva, lakini kila mwezi mtu anakuja kuzipaka grisi. Mimi nikiwa shambani nasikia anavyozigonga gonga kwa spana, ng'a, ng'a, ng'a, kama mtu anayeamsha mlevi. Huku juu kwetu kuna chemchemi, kuna nyumba arobaini na moja, kuna kaburi la marehemu mume wangu ambaye hakupenda kusumbuliwa hata alipokuwa hai. Vyote hivyo vimekaa chini ya kivuli cha mmea usiofika gotini.

Na sheria ina kipengele cha nne, ambacho nilikisoma mwenyewe kwa miwani ya kuazima. Mkimbizi akiwa mmoja, ni mkimbizi. Wakifika kumi na wawili, wenye mizizi na afya, basi si mkimbizi tena, amejitosheleza. Anarudishwa kwao kwa shangwe, na kivuli kinakunjwa kama mkeka.

Kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa wataalamu walihangaika azae, na mimi nikaomba Mungu azae, na papo hapo nikaomba asizae. Mungu hakunijibu. Nadhani alikuwa anasubiri niamue.

*

Hakuzaa. Wataalamu walikuja na koleo za fedha, wakachukua mbegu moja moja, wakaziweka kwenye vyumba vyeupe visivyo na vumbi, wakazipa mwanga wa asubuhi na mwanga wa jioni, wakazipigia hata sauti ya mawimbi ya kwao. Mbegu zikalala tu. Waliandika ripoti kwamba mmea umekata tamaa.

Sasa hapa inabidi nieleze jambo la kwetu ambalo halimo kwenye ripoti. Kwembuzi mche hauombwi. Ukienda kwa jirani ukasema naomba mbegu ya ua lako, akakupa kwa mkono wake, ukashukuru, hiyo mbegu imekufa hapohapo. Mbegu inayoota ni iliyoibwa. Mwenye nyumba anakuona unanyoosha mkono, anageukia ukutani, anakohoa mpaka umalize. Halafu mbegu ya wizi haipandwi siku hiyo. Unaificha kwanza uchagani, juu ya moto wa jikoni, siku saba, mwenyewe asahau. Baada ya hapo unapanda, na hakuna anayelitaja jambo hilo milele. Ukilitaja, mmea unanyauka na ujirani unanyauka.

Nimekohoa sana maishani mwangu. Daktari wa kituo aliwahi kunipima kifua.

Ila kwa Mgeni sikudhani, na msinicheke kwa jina langu, sikudhani kabisa kwamba kuna mtu angethubutu. Mpaka mwezi wa tano nilipokwenda kwa jirani yangu Bi Mwantumu kuazima kinu. Bi Mwantumu ni mwanamke mkubwa, mpole, aliyenyimwa kipaji kimoja tu, cha kusema uongo. Akijaribu, shingo inaota mabaka. Nyuma ya jiko lake, kwenye sufuria iliyotoboka, nikaona masikio ya kijivu yenye manyoya. Vifungo vya njano. Ule mnuko.

Nikasimama na kinu kichwani. Yeye akaona nimeona. Shingo ikaanza kuota mabaka. Mila haikuniruhusu kuuliza wala yeye kujibu, basi tukazungumza habari za mvua kwa muda mrefu kuliko mvua yenyewe ilivyonyesha.

Nilipotoka pale nikaanza kutembelea watu. Nilikwenda kusalimia wagonjwa ambao hawakuwa wagonjwa. Nilikwenda kuulizia kuku ambaye hakupotea. Kila nyumba nilizunguka nyuma, na kwenye nyumba nyingi nilimkuta: kwenye kopo la rangi, kwenye beseni lililopasuka, mmoja kwenye kofia ngumu ya mchimbaji, sijui waliitoa wapi. Nikahesabu kwa kukunja vidole mpaka vikaisha, nikarudia. Thelathini na wawili, bila mama yao.

Moshi ndio uliofanya kazi, hilo nililielewa baadaye. Mbegu za wataalamu zililala kwenye usafi. Hizi za wezi zilining'inia siku saba kwenye moshi wa kuni, zikaamka.

Nilikaa kwenye jiwe karibu na Mgeni nikamtazama. Kola ikasema, kwa adabu, "Kiu." Nikamnywesha. Nilitaka kumpongeza na nilitaka kumzaba kofi. Kitu ambacho dunia nzima ilikitaka kilikuwa kimetimia majikoni kwa majirani zangu, na kikijulikana tu, spana za bondeni zitanyamaza na mashine zitaanza.

*

Kila mwisho wa mwezi nazungumza na Bi Karmena. Ni haki iliyomo kwenye Mkataba: watu wa kwao mkimbizi wana ruhusa ya kumwona. Ofisi ilinipa kioo cha ukutani. Nakifuta, naona sura yake, kioo kinageuza Kiswahili changu kwenda lugha yake na lugha yake kuja Kiswahili. Ana miaka themanini na minne, meno yake ni mengi kuliko yangu, na ndiye mtu wa mwisho aliyewahi kumwona Mgeni jabalini kwa macho yake. Baba yake alikuwa mlinzi wa jabali. Miaka kumi na tisa tumesemana kama mawifi. Yeye ananiambia nimemnenepesha mtoto wao kama mbuzi wa sikukuu, mimi namwambia kwao walishindwa hata kumpa maji.

Mwezi ule hakutania. Alinionyesha jabali. Vijana wa kisiwa walikuwa wamejenga kuta za mawe ya kukinga jua, miaka sita wamebeba mawe migongoni, na sasa upande ule wa jabali umepoa. Walikwishapima. Panafaa.

Akaniambia kwamba zamani, kila baada ya miaka kadhaa, moto wa majani makavu ulikuwa unapita chini ya jabali, na mwaka uliofuata miche ilikuwa inatokeza kila ufa. Halafu serikali yao ikapiga marufuku moto ili kuilinda ile mimea, na miche haikuonekana tena. Alisema hilo kama mtu anayesimulia kitu cha kijinga kilichofanywa na ndugu yake mpendwa. Mimi moyo ukapiga hatua moja nyuma. Moshi.

Kisha akauliza alichouliza kila mwezi kwa miaka kumi na tisa.

"Wifi, amezaa?"

Nilikuwa nimelifikiria swali hilo wiki nzima. Nikisema ndiyo, bibi huyu atapanda jabali lake na mche mkononi kabla hajafa, na mimi nitaamka siku moja nikute chemchemi imekuwa shimo. Nikisema hapana, mlima wangu utabaki, na yeye atakufa akidhani Mgeni ni wa mwisho. Tena watoto wale watakuwa wa magendo milele. Mama yao akifa, vitabuni wataandika kwamba ametoweka duniani, huku yuko nyuma ya jiko la Bi Mwantumu ananukia mbwa. Sheria imetungwa ili azae. Sheria hiyohiyo inatuadhibu akizaa. Niliigeuza hivi, nikaigeuza vile, kama mtu anayevaa gauni gizani na kila tundu analoingizia kichwa ni la mkono.

Nikamwambia kwamba hali yake ni nzuri.

Bi Karmena akasogeza uso karibu na kioo.

"Sikuuliza hali," akasema.

Nikamwambia kioo kinakatika. Hakikuwa kinakatika. Nikakifunika kwa khanga.

*

Ujumbe wa ofisi uliingia Jumatatu: Alhamisi afisa anakuja kuhesabu. Wanakuja kila baada ya miaka mitano. Nikautangaza kisimani, nikiwa nimewapa mgongo, kama mtu anayejisemea: afisa yuaja Alhamisi, ana mashine ya kunusa, anahesabu wageni. Basi. Zaidi ya hapo mila haikunipa ruhusa. Sikuweza kusema ficheni, maana ningekuwa nimetaja wizi. Nilitegemea akili zao. Watapeleka bondeni, watapeleka kwa wakwe zao, watatumbukiza hata shimoni, potelea mbali.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kumsalimia Mgeni kama kawaida. Kola ikatoa neno ambalo sijawahi kulisikia.

"Jamaa," ikasema.

Nilidhani imeharibika. Nikaigonga. Ikanyamaza, maana neno la siku ilikuwa imeshalitumia. Nikaenda ndani kutafuta kijitabu cha maelekezo, kile cha kurasa mia, ambacho miguu ya meza yangu inakijua kuliko mimi. Ukurasa wa themanini na moja: neno la tano, Jamaa, hutolewa mmea unaponusa pumzi ya wa aina yake karibu. Chini yake wataalamu walikuwa wameandika kwamba halijawahi kusikika na pengine halitasikika.

Nikazunguka nyuma ya nyumba.

Walikuwa wamejipanga kutoka kona ya jiko mpaka mlangoni pa choo. Makopo, masufuria, beseni, ile kofia ngumu. Baadhi wamepanguswa vumbi. Mmoja amefungwa utepe. Nikahesabu: thelathini na mmoja.

Hapo ndipo nilipojua nimesahau nusu ya pili ya mila yetu. Kitu cha wizi, mwenyewe anapokuja kukitafuta, kinarudishwa kimyakimya nyuma ya nyumba kilikotoka, na dhambi inafutika. Alfajiri hiyo majirani zangu wote, kila mmoja peke yake, kila mmoja akidhani mwizi ni yeye tu, walikuwa wamekuja kwa kunyata kurudisha. Sijui hawakuonanaje. Au walionana, kila mmoja akageuka kukohoa. Kwa kweli nilisikia kikohozi sana alfajiri ile, nikasema baridi imezidi.

Sikupata muda wa kulia wala kucheka. Gari la afisa lilikuwa linapanda kona ya mwisho.

*

Afisa Madeje alikuwa kijana mrefu kutoka Dodoma, koti zuri, viatu visivyo vya mlima. Akanipa shikamoo ya kuinama kabisa. Nikamwita mume wangu, nikamlaumu kwamba ameniacha miaka mitano bila barua; ana umri wa mjukuu wangu, na mjukuu kwetu ni wa kutaniwa. Akacheka, akasema amechelewa kwa sababu alikuwa anatafuta ng'ombe wa mahari. Nikamkalisha barazani mbele, kiti kikiwa kimeangalia bondeni, mgongo kwa nyumba. Nikamletea chai ya tangawizi, kikombe kikubwa. Shabaha yangu ilikuwa asinyanyuke. Kila kikombe kilipofika nusu nilikijaza. Nilijisifu moyoni kwamba hata jemadari hapangi vita hivyo.

Akatoa mashine yake. Inaitwa Pua, ni kama tochi, mbele ina vitundu. Inavuta hewa na kuhesabu kila mmea wa aina inayotakiwa, kwa sababu kila mmoja ana pumzi yake, kama vile watu wana sauti zao. Akaielekeza kwa Mgeni, pale jiweni mbele yetu, akabonyeza.

Akaitazama. Akaipangusa kwa leso. Akabonyeza tena.

"Bibi," akasema, "mashine inasema thelathini na wawili."

Nikamwambia ndiyo, ni kweli, thelathini na mmoja wako nyuma ya nyumba, wamepanga foleni ya choo, mmoja amevaa kofia na mwingine amefunga utepe.

Akacheka mpaka chai ikamwagikia koti. Akasema wake wa milimani wana maneno. Nikacheka naye. Lilikuwa neno la kweli kuliko yote niliyosema siku ile, na nililisema nikitumaini aliamini, na nikitumaini asiliamini, na alipocheka sikujua nimepona au nimeumia.

Akabonyeza mara ya tatu. Thelathini na watatu. Akaitikisa kama chupa ya dawa. Akasema basi imekwisha kuwa kichaa, kama inaongeza tu yenyewe. Hata wiki iliyopita, mlima wa pili, ilihesabu mkimbizi ndani ya kapu la nguo chafu. Akaizima, akairudisha mkobani, akanieleza jambo ambalo nilikuwa nalijua na nilikuwa naliogopa: nchi nyingine watu walijifunza kuzidanganya Pua kwa manukato, kwa hiyo Mkataba umeamua kwamba kiapo cha mlezi kinashinda mashine. Akatoa karatasi na kidau cha wino.

Wakubwa waliona kinywa cha mtu ni salama zaidi. Hawajakutana na changu.

Tukashuka hadi jiweni, akapiga magoti kando yangu. Kiapo kinaapwa mkono wa kushoto ukiwa kwenye udongo wa mkimbizi. Nikaingiza vidole kwenye udongo. Ulikuwa wa baridi, na vimizizi vyake vikanigusa, vyembamba kama nywele za mtoto. Akauliza polepole, kama sheria inavyotaka, kama katika kivuli hiki kuna mwingine wa aina yake, awe wa kupandwa, wa kuota, au wa kuibwa. Hilo la kuibwa lilinifanya nimtazame. Alikuwa anasoma tu.

Nilimfikiria Bi Karmena, na wale vijana, na mawe migongoni. Nikasikia kule bondeni, ng'a, ng'a, ng'a, leo ilikuwa siku yake ya grisi. Nikawaza kusema kweli na kumwomba Mkataba huruma. Lakini nilishakisoma kipengele cha nne mara nyingi, huruma haimo, ipo shangwe tu. Nikawaza kusema ni kumi na mmoja, nusu ya kweli, chini ya hesabu. Lakini kumi na mmoja wale ningewachaguaje, na waliobaki ningewaambia nini? Kichwa kikanijaa kama kapu la mtu anayehama. Sikuwa nimeamua. Ninaapa, na hiki ni kiapo cha kweli, sikuwa nimeamua. Kinywa kilitangulia.

"Ni mmoja tu," nikasema.

Akanishika kidole gumba, akakibonyeza kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi. Akapuliza ikauke. Akasema miaka mitano mingine ya kivuli, bibi, hongera. Alikuwa na uso mzuri wa mtu aliyemaliza kazi. Nikamshukuru, nikamwambia aende upesi, mvua inakuja, barabara itateleza. Mbingu ilikuwa safi kama sahani.

Akasimama, akajinyoosha, akaanza kubadilisha mguu huu na huu.

"Bibi, samahani. Chai yako. Choo kiko wapi?"

Vikombe vinne. Jemadari wa vita.

Mtu mgeni hanyimwi choo. Unaweza kumnyima mtu chakula ukasema hakijaiva, unaweza kumnyima kitanda ukasema kuna mgonjwa. Choo hakina udhuru isipokuwa mmoja.

Nikamwambia choo kimetitia. Nikamwambia tangu masika, shimo lote limekwenda chini, na ukuta, na mlango, mimi mwenyewe nahangaika kwa watu, na kwamba nyuma kule hapakanyagiki kabisa, mtu anaweza kuzama. Nikaona haitoshi, nikaongeza kwamba kuku wangu wawili wamezama. Akanipa pole ya dhati. Akatoa kalamu akaandika jina langu pembeni ya karatasi, akasema atapeleka ombi ofisini nijengewe kingine, mlezi wa mkimbizi hawezi kuishi hivyo. Nilitaka ardhi ipasuke, kwa kweli safari hii, ili angalau neno moja liwe la kweli.

Nikamwelekeza nyumba ya chini. Akachukua mkoba, akapiga hatua mbili.

Kona ya nyumba akatokeza Bi Mwantumu. Alitokea nyuma. Mkono mmoja ameshika kopo la maji, mwingine anafunga upindo wa khanga, na amependeza na kupumua vizuri kama mtu aliyetua mzigo. Alichelewa alfajiri, alikuwa ameungojea umande ukauke, ana miguu mibovu.

Afisa akamwamkia. Bi Mwantumu akamwitikia marahaba, baba, karibu Kwembuzi. Halafu akaona kijana anavyosimama kwa shida, naye Bi Mwantumu ni mama wa watoto saba, anawajua wanaume wanaosimama hivyo. Nilimkonyeza mpaka jicho likauma. Hakuniangalia.

"Pita tu, baba, choo kiko wazi," akasema. "Ila upite pembeni polepole, usiwakanyage watoto."

"Watoto wa nani?" akauliza Afisa Madeje.

Bi Mwantumu akafungua kinywa. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, na shingo yake ikaanza kuota mabaka.

Afisa akageuka taratibu, akanitazama mkono. Nikauficha kwenye khanga, lakini wino ulikuwa bado mbichi, ukapenya upande wa pili.